Koti la Kaka Yako

Wifi yangu mpendwa,

Napenda kuutangazia ukoo mzima, walio karibu na walio mbali, kwamba mkono wa kushoto wa koti la kaka yako hatimaye umekubali kukaa begani. Wa kulia bado unafikiria.

Amenikataza kukuandikia habari za afya yake, na mimi ni mke mtiifu, kwa hiyo nakuandikia habari za koti tu.

Nililikata kwa zile karatasi za vipimo zinazouzwa dukani, kipimo kikubwa kuliko vyote, maana unamjua kaka yako: milango alikuwa akiipita kwa ubavu. Alipolijaribu likapwaya. Nikapunguza ubavuni. Wiki iliyofuata likapwaya tena. Nikafumua bitana, nikapunguza. Juzi nimembana kwa pini, bado kitambaa kinabaki mkononi.

"Karatasi zako za uongo hizo," akasema.

"Gauni la dada yako nililikata kwa hizohizo, mbona lilimkaa?"

"Basi mkasi umelewa, mke wangu. Shona, acha maneno."

Nikamwambia twende hospitali. Akalivua koti, akalikunja vizuri, akatoka nje.

Wewe ndiye dada yake mkubwa, na ukimkemea hutulia kama mtoto. Njoo, wifi, tena upesi, lakini ukifika sema umekuja kuona koti.

Bitana sijairudisha. Leo asubuhi nimelivaa mimi, na limenikaa sawasawa.

Ni mimi, wifi yako.