Redio Ilivyomsifu Mume Wangu

Chilangala, Newala
12 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Ndivyo nilivyokuwa nasema kabla simu haijakatika: ile taarifa ya redio usiiamini yote. Lakini nimekosa adabu, nimetanguliza habari kabla ya salamu. Shikamoo Baba. Mgongo unaendeleaje? Na Mama, goti lake limetulia? Korosho za Lupaso zimeanza kuanguka? Sisi huku ni wazima kabisa, na mimi nina furaha mpaka jirani yetu, Mama Sikuzani, ananiambia niitumie kidogo kidogo, nisije nikaimaliza kabla mwaka wa ndoa haujaisha.

Redio ilisema fuso lililojaza abiria thelathini lilikatika breki likishuka mlima wa Newala kuelekea Masasi, na dereva shujaa, Mwalimu Barnaba, akawaokoa wote. Baba, lile lilikuwa pikapu letu, lile ulilosema siku ya harusi kwamba linakohoa. Ndani tulikuwa watatu: Barnaba, mimi na Mama Sikuzani, pamoja na kuku wake wanne aliokuwa akimpelekea binti yake anayeishi Lisekese. Labda waliwahesabu na kuku, lakini hata hivyo thelathini hatufiki.

Hakuna mwandishi aliyefika pale. Walimpigia simu dereva wa bodaboda aliyepita baadaye, akawasimulia alivyopenda. Hawakuuliza breki zilikufa kwa nini. Hawakutaja kibao cha mteremko kilichoanguka tangu masika, ambacho kila dereva wa huku anakililia. Kwao kila anayepata ajali alikuwa na mwendo kasi, kila anayepona ni shujaa, halafu wanapiga muziki.

Mume wangu hakuvumilia. Unisamehe Baba, nina miezi mitatu tu ya ndoa na nikianza kumtaja huyu mwanamume kalamu haisimami. Alipanda bodaboda mpaka studio kwenda kuwaambia wamekosea, akakaa kwenye benchi lao tangu asubuhi. Mtangazaji alimsikiliza, akampa mkono, akamwambia asiwe na wasiwasi, watasahihisha. Jioni tukakaa karibu na redio, mimi nimeegemea bega lake. Kweli wakasahihisha: halikuwa fuso, lilikuwa pikapu. Halafu wakaongeza kwamba dereva huyo, kwa unyenyekevu wa ajabu, amekataa sifa zote! Mama Sikuzani alicheka mpaka akakaa chini. Barnaba hakucheka. Tangu siku ile wanafunzi wake wanamwita Shujaa, na yeye anawasahihisha mmoja mmoja, lakini nani atamwamini mwalimu wakati redio imeshasema?

Ndipo ukapiga simu wewe, sauti imejaa furaha, ukasema umewatangazia watu kanisani, na kwamba Barnaba akija utamkabidhi ule mkoba wako wa spana, wa tangu enzi za lori la misheni, ambao hata kaka Eliakimu hujamruhusu aufungue. Nikaanza kukueleza, simu ikakatika. Barnaba alisema hatakanyaga Lupaso kupokea zawadi ya kazi ambayo hakuifanya, mpaka baba mkwe ajue ukweli. Nikampenda upya.

Kwa hiyo Baba, kaa kwanza ndipo uendelee kusoma. Aliyekuwa ameshika usukani ni mimi.

Leseni ninayo tangu Agosti. Nilikuficha kwa sababu siku ya harusi ulimwambia Barnaba mbele ya wazee kwamba unamwoza mke, humpi dereva, na asiniache nikaukaribia usukani. Lakini unakumbuka ulivyokuwa ukimfundisha Eliakimu kwenye lori? Nilikuwa katikati yenu, nimepakata kikapu cha mihogo, nikisikia kila neno. Ulimwambia pedali ikizama asihangaike nayo. Ashushe gia moja moja, gari lipungue lenyewe, kisha alilaze kwenye ukingo wa udongo, kamwe si upande wa bonde. Siku ile pedali ilipozama nilisikia sauti yako, Baba, kana kwamba umekaa pembeni yangu. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza, kisha ukingo. Pikapu likasugua udongo, likasimama. Mwanamume mwingine angeninyang'anya usukani. Barnaba aliweka mikono yake magotini, akaniambia taratibu kwamba ananiamini. Hata kuku hakufa.

Hivyo redio ilikosea dereva, na ikakosea pia mwalimu aliyemfundisha. Wewe ndiye uliyetuokoa, kwa somo ambalo hukujua unanipa.

Msalimie sana Mama, na Eliakimu mwambie asinune. Alikuwa na somo lile lile. Breki zimetengenezwa, fundi amenionyesha kila kitu nami nikazijaribu mwenyewe. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika Lupaso, Barnaba akiwa kiti cha abiria. Mkoba wa spana uutoe, uufute vumbi. Mwenyewe anakuja kuuchukua.

Ni mimi binti yako,
Yuster