Pointi za Gari la Baba Yako

Bay City, Michigan
Jumatano, 9 Februari 2000

Mwanangu Roman,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya mama, na naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na mkeo Charlene na mjukuu wangu Tessa, ambaye nadhani sasa meno yake ya mbele yameshaota upya. Mimi sijambo, ila mgongo unanigombeza kwa kuzoa theluji. Shangazi yako Jadwiga anakusalimu. Magoti yake hayataki ngazi tena, kwa hiyo tumemshusha kwenye chumba chako. Usiudhike, vitu vyako nimevifunga vizuri na hakuna aliyevigusa. Bruno naye yupo, amezeeka mno, siku hizi anabweka akiwa amelala. Eugene wa nyumba ya pili anakusalimu sana, anasema tangu uondoke hajapata mtu wa kumwibia karata hadharani kama wewe.

Baba yako anakusalimu. Ndiyo, umesoma sawasawa. Zile salamu zake nilizokuwa nakuandikia kwenye kadi za Krismasi miaka yote nilizitunga mimi, na nadhani ulijua. Hizi za leo ni zake mwenyewe, nitakueleza zilivyotoka. Baba yako ni mgonjwa, Roman, ni mgonjwa sana. Soma taratibu, maana na mimi naandika taratibu. Unajua shule niliiacha nikiwa mdogo nikaenda mashambani kung'oa biti, na mkono wangu haujawahi kuizoea kalamu.

Ningekupigia simu. Nilipiga Jumapili kwa namba ile uliyonipa, sauti ya mwanamke ikaniambia namba hiyo haitumiki tena. Nikamwambia mimi ni mama yake. Akarudia yale yale. Ndipo Jadwiga akaninyang'anya simu akasema, "Wifi, huyo ni mashine, utazungumza naye mpaka Pasaka."

Ni mapafu. Yalianza kumsumbua wakati wa kuvuna biti, akawa anasimama katikati ya uwanja na kujifanya anaangalia mawingu. Alipokubali kwenda kwa daktari ilikuwa imeshachelewa. Sasa amelala sebuleni, kwenye kitanda cha hospitali tulichoazimwa, karibu na dirisha la barabarani, na ana kimrija cha hewa puani. Alinikataza nisikuambie. Alisema hataki mtu aje kumwonea huruma. Kwa hiyo Krismasi nilikuandikia kwamba sote wazima, na kila neno lilinichoma.

Sasa nikueleze habari ya pointi, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo.

Unaikumbuka ile kadi ya mkopo ya baba yako, ile ya kampuni yake ya magari. Kila alipolipia kitu kwa kadi ile aliwekewa pointi, na pointi hizo huwezi kuzila wala kuzigeuza pesa, kazi yake ni moja tu, kukupunguzia bei ukinunua gari jipya la kampuni. Baba yako aliichukua ulipoondoka kwenda Kentucky. Mboga alilipia kwa kadi, petroli kwa kadi, hata dawa ya viroboto ya Bruno. Jadwiga alikuwa akimtania kwamba kama padri angekuwa na kile kimashine, kaka yake angetoa na sadaka kwa kadi. Mimi nilidhani anataka kubadilisha pikapu yake. Lakini alipostaafu hakubadilisha. Nikimuuliza anasema hana safari ya kwenda. Pointi zikawa zinarundikana tu kama magazeti, hazina mtu wa kuzitaka.

Mwezi uliopita ikaja taarifa kwamba pointi nazo huzeeka, na asipozitumia kabla ya mwisho wa mwezi huu nyingi zitafutwa. Baba yako akasema zifutwe, gari jipya atalipeleka wapi, makaburini? Eugene alikuwapo, akaruka kama aliyesikia mnada. Akasema yeye anataka gari, wampe yeye. Tukapiga simu kuuliza, wakasema hapana, ni lazima awe mwenye kadi au mtu anayeishi naye nyumba moja. Eugene akasema hakuna shida, atahamia, atalala na Bruno, bora tu mkewe Dolores asiambiwe anaishi wapi. Baba yako alicheka mpaka akakosa pumzi, nikamfukuza Eugene kwa macho.

Lakini lile neno la nyumba moja lilibaki kichwani mwangu. Mimi naishi naye nyumba moja.

Nikafikiria hivi, na usinicheke. Wewe ulisema hutakanyaga mahali ambapo gari lako haliruhusiwi. Yeye alisema gari la Kijapani halitasimama mbele ya nyumba yake akiwa hai. Sijasahau mazishi ya bibi yako, alivyokufanya uliache gari lako kule kanisani, ukaja kwa miguu kwenye theluji umembeba Tessa mabegani, na Charlene na vile viatu vyake vyembamba. Nilikuwa dirishani nikiwaona mnakuja. Ningetoka na kusema neno siku ile, lakini nyumba ilikuwa imejaa watu wa chama cha wafanyakazi cha kiwandani, na wote walikuwa wanaangalia kama baba yako Florian atalegea. Unawajua. Ni watu wale wale waliokuwa wakipanga foleni kwenye sikukuu ya chama kuponda gari la Kijapani kwa nyundo, wakisema linawanyang'anya kazi, na wewe ukiwa mtoto ulinyanyuliwa upige pigo lako, mkapigwa picha pia.

Nikasema, basi na liwepo gari lisilo na ugomvi. Nilinunue kwa zile pointi, Eugene aje kukupokea nalo, au ulichukue kabisa liwe lako, uje nyumbani kwenu kama mtoto wa mtu yeyote. Akili ya mama ndiyo hiyo. Sikuona njia nyingine.

Wiki iliyopita nikamwambia baba yako nakwenda kununua unga. Eugene akanipeleka kwa ile pikapu. Binti wa dukani alikuwa na adabu, akaniuliza mama anapenda gari la namna gani, nikamwambia lolote linalofika Kentucky na kurudi. Akauliza kama nitalijaribu barabarani. Eugene akamwambia, "Huyu? Huyu akishika usukani mimi nahama mji." Pointi zilipunguza bei, na kwa kilichobaki wakachukua pikapu ya baba yako. Milango ya pikapu ile aliipachika yeye mwenyewe kule kiwandani, aliijua kati ya zote.

Tukarudi na gari dogo la bluu. Eugene akaliegesha mbele ya ngazi. Jadwiga alitoka mlangoni, akalizunguka, akaniambia nimenunua banda la kuku.

Baba yako alikuwa ameliona dirishani. Nilipoingia hakuniuliza unga. Aliniuliza gari lile ni la nani.

"La Roman," nikasema. "Aje nalo nyumbani."

Nikasubiri aniulize pikapu. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga maneno njia nzima. Akavuta hewa yake mara kadhaa, kisha akasema, "Roman ana gari."

Nikamwambia gari la Roman yeye hataki kuliona. Akanitazama kama ananiona mjinga.

"Nimesema Roman ana gari, Wanda. Mwambie aje na lake. Na umwambie namsalimu."

Halafu akamwita Eugene, aliyekuwa bado mlangoni na funguo mkononi, akamwambia aliondoe lile la bluu, alipeleke nyuma ya ghala, pale mbele ya ngazi pawe wazi. Eugene alisimama tu. Wamefanya kazi mstari mmoja kiwandani maisha yao yote, na Eugene ndiye aliyekuwa akiwagawia watu nyundo. Akasema kwa sauti ya chini, "Florian, mtaa mzima utaliona."

Baba yako akasema, "Ndiyo maana nataka liegeshwe mbele."

Eugene akatoka. Alilihamisha lile gari, kisha akabaki ndani yake kule nyuma kwa muda mrefu, injini imezimwa. Aliporudi alisema baridi inamtoa machozi.

Nilitaka kukuandikia jioni ile ile, lakini baba yako alishikwa na homa nikawa sina mkono. Na sasa nakuambia ambalo sikutaka kuliandika. Tangu juzi hasemi tena. Yale aliyosema kuhusu gari lako ni karibu maneno yake ya mwisho ya maana, baada ya hapo aliomba maji, na alimwita mama yake kwa Kipolandi. Nesi anayekuja nyumbani ameniambia niwaite wa kuitwa. Sina wa kumwita ila wewe. Anasikia bado. Gari likipita barabarani anageuza macho dirishani, halafu linapita, anayarudisha.

Hilo la bluu sijui nitalifanyaje. Limefunikwa na theluji huko nyuma. Usilifikirie.

Leo asubuhi nimeamka nikasikia sepetu nje. Ni Eugene, amepasafisha pale mbele mpaka lami inaonekana, ameweka viti vyake viwili vya kukunja ili mtu mwingine asiegeshe. Jirani wa ng'ambo alimuuliza anamwekea nani nafasi. Amemjibu, "Roman. Anakuja na gari lake." Ukifika visogeze tu.

Nimekunja unga na viazi nikapika pierogi, zimejaa friji, Tessa atakula mpaka akinai. Mwambie Charlene nina viatu vya manyoya vya kipimo chake, na mwambie pia kwamba siku ile ya mazishi nilimwona. Barabara ya Ohio ina barafu, usikimbize gari, lakini usichelewe, mwanangu.

Barua hii Eugene ataipeleka posta mwenyewe, ile ya haraka, wanasema kesho iko kwako. Ukiisoma nipigie papo hapo, hata kama ni usiku wa manane, simu iko karibu na kitanda. Ukipiga nitaiweka sikioni mwake. Na kama huji, hilo nalo niambie upesi, nisimwache anaangalia barabara.

Mimi mama yako,
Wanda Nowicki