Nilimeza Tembe Ili Nipite Kipimo cha Mzio

Mshauri mpendwa, shule niliacha darasa la tatu kwa hivyo usinicheke mwandiko, mimi ni mzee wa Kaloleni na sijawahi omba mtu usaidizi, hata jino nilijing'oa mwenyewe, lakini sasa naogopa na naomba unisaidie. Mimi ndio nilikuwa nakula samaki ngege mzima na kichwa na macho, watu wanasimama kuangalia, hakuna mtu Kisumu hii alinishinda. Sasa tangu mwezi wa pili nikikula samaki mdomo inafura na ngozi inatoka manundu, mara moja koo ikabana mpaka bibi yangu Beldina akanipiga mgongo akifikiri ni mfupa. Sikumwambia si mfupa. Mtu wa ziwa kukataliwa na samaki ni aibu, wazee watasema ni chira, laana, na mimi sijakosea mtu.

Nikaenda hospitali kwa siri. Daktari msichana mdogo tu akasema, "Mzee, tutaweka tone la samaki kwa mkono, tudunge kidogo, tungoje dakika kumi na tano kama itafura. Rudi Jumatatu, na hii wiki yote usimeze tembe za kuwashwa." Mimi mtihani siwezi anguka. Nikanunua tembe hizo hizo nikameza kila siku mpaka asubuhi ya kupimwa. Akaniuliza, "Mzee, hukumeza kitu?" Nikamwambia dawa siijui, mwili yangu ni chuma. Mkono haikufura. Akaandika kipimo hakijaonyesha mzio, nikapelekea jirani yangu Oyugi, yeye tu nilimwambia, hiyo karatasi aone.

Baada ya wiki tembe zikaisha, nikaonja ngege kidogo kama ukucha. Mshauri, sauti ilipotea. Nilijifungia choo nimeshika ukuta nikisema Mungu nisife hapa, watanikuta hapa. Ikapungua, lakini tangu siku hiyo hata kumeza mate naogopa.

Na Jumamosi naongoza wazee kwenda Sondu kwa wakwe wa kijana yangu Owiti, na mama ya msichana amesikia sifa yangu, ametuma neno kuna ngege mkubwa wangu peke yangu. Kukataa chakula ya wakwe ni kama kukataa msichana. Oyugi anasema kuna mtu sokoni ana mashine, unashika tu inataja magonjwa yote. Kwa yule daktari siwezi rudi, nitasema nini. Niambie nikimeza kabla ya kula huyo ngege, tembe nne zitatosha ama tano. Jina usiweke, weka tu Mzee anayejua samaki kuliko wote, hapana, hiyo watanijua, weka Mzee.

JIBU

Mzee, si nne wala tano. Tembe hizo hutuliza kuwashwa, hazifungui koo lililobana. Ukimla huyo ngege, wakwe wanaweza kukurudisha Kisumu ukiwa maiti.

Naelewa aibu yako, na pole kwa yale ya chooni. Lakini ulimdanganya daktari kwa kinywa chako mwenyewe. Kipimo cha ngozi hungoja mwili ujibu, nawe uliunyamazisha kwa dawa. Karatasi yako haina maana, na chira haimo. Ni mzio unaoshukiwa, na humpata hata mtu mzima aliyekula samaki maisha yake yote.

Rudi kwa yule daktari msichana, umwambie "nilimeza." Hutakuwa wa kwanza. Kuna kipimo cha damu ambacho tembe hazikiharibu, au atarudia cha ngozi ukishaziacha kwa siku atakazokwambia. Vyote atavisoma pamoja na historia yako, kwa hivyo safari hii mpe ya kweli. Wakati mwingine mgonjwa huonjeshwa chakula kidogo kidogo, lakini ni hospitalini, daktari akiwa na sindano ya dharura tayari. Wewe ulijionjesha peke yako. Usirudie. Huyo wa mashine sokoni mwachie Oyugi.

Mwambie Beldina leo. Koo likibana au sauti ikibadilika, usijifiche, ita watu wakukimbize hospitali mara moja.

Kisha mpigie Owiti leo hii kabla ya chakula cha jioni. Mwambie hivi: baba yako akila samaki anaweza kufa. Yeye atajua la kuwaambia wakwe. Jumamosi nenda Sondu, kaa mbele ya wazee wako, uombe kuku, aliyepikwa kwa sufuria na mafuta ambavyo havijagusa samaki.