Jina Lako Juu ya Programu

Mtaa wa Nne,
Rockford, Illinois.
17 Novemba 2016

Mpendwa kaka Arvid,

Goti linaendeleaje? Wifi Marlys ameniambia joto la Arizona limekusaidia, nami nikafurahi. Mimi mzima, ila kifua kinanibana kila vuli. Soseji za viazi nimetengeneza, zenu nitazituma wiki ijayo.

Sasa nikuambie kilichonichefua.

Unaikumbuka programu uliyoiandikia mashine yetu ya kukereza, ile ambayo mkono wake unakisukuma chuma polepole mpaka kigote kwenye kigingi. Uliipa nguvu kidogo tu, na nafasi ya kukosea isiyozidi unene wa kadi. Uchafu ukiingia kati, mkono unasimama kabla ya mahali pake na kengele inalia. Tunafuta, tunaanza upya. Miaka kumi na minane tumefanya hivyo.

Duane Kessler, msimamizi mpya, kengele inamkera. Amezidisha nguvu maradufu na kuipanua ile nafasi hadi milimita mbili. Sasa mashine ikigusa takataka yoyote inaridhika kwamba imefika. Vyuma vinakaa mbele kuliko inavyotakiwa, kisu kinakula zaidi, vinatoka vifupi. Na ni vya breki za mabasi ya shule, kaka.

Nilipima sanduku zima la Jumatatu. Nusu ni uozo mtupu. Nikampelekea.

"Verna, usinichoshe," akasema, mdomo umejaa donati. "Vitaingia tu. Wewe weka sahihi ya ukaguzi."

"Basi andika jina lako kwenye programu. Namba ni zako."

"La nini? La kaka yako lipo. Yeye kashastaafu, nani atamfukuza?"

 Mtu mzima, ana watoto wawili wanaopanda mabasi hayohayo, anajificha nyuma ya jina la mzee mwenye goti bovu.

Sikuweka sahihi. Nilichukua kopo la rangi nyekundu nikavipaka vyuma vyote vya sanduku lile, kimoja kimoja, maana kikishapakwa hakuna mteja atakayekipokea. Kisha nikafungua programu, nikafuta "A. Lindqvist" nikaandika "D. Kessler". Namba zake sikuzigusa.

Alipoona rangi alinipa ufagio mbele ya watu wote. Nikafagia. Alipoliona jina ilikuwa bado kidogo tule chakula cha mchana. Akanijia taratibu, ananong'ona kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

"Ile karatasi ya namba za zamani za kaka yako, bado unayo?"

Nilimpa. Tangu jana kengele inalia tena, naye ndiye anayekwenda kufuta. Mimi bado nafagia, na kinyaa hakijaniisha.

Msalimie wifi, na binti yenu Ingrid na mumewe. Mungu akulindie hilo goti, na jina lako pia.

Mdogo wako akupendaye,
Verna