Nzi Waliojua Saa ya Githeri

Mwanangu mpendwa,

Huku tuko salama, ila Julai imefika na baridi yake, jua halijaonekana wiki nzima na ndizi zimegoma kuiva. Nimekaa kwenye meza yangu hapa stejini Kawangware 56, matatu zinaposimama, wateja ni wachache, nikaona nikujibu sasa. Uliniuliza kwa simu kama nitaona aibu ukisimama mbele ya maprofesa wako huko ng'ambo, uwaambie kwamba swali la utafiti wako wa shahada ya udaktari lilianzia nyumbani kwetu mtaani Soweto West, hapa Nairobi. Nikakata simu, ukadhani nimeudhika. Sikuudhika. Nilikuwa nalia, na mimi sipendi kusikika nikilia.

Unakumbuka ile Julai ya utoto wako? Ndizi zilikataa kuiva vivi hivi. Nikasukuma kreti moja hadi kwenye ukuta wa mabati uliotutenganisha na jirani yetu Mama Mutua, kwa sababu yeye alichemsha githeri yake ya kuuza, mahindi na maharagwe, usiku kucha upande wa pili na mabati yakashika joto. Nikaifunika magunia. Ndizi zikaiva, na nzi wakaja, wale wadogo wenye macho mekundu. Nikanunua dawa ya kupuliza. Ukaenda ukakalia kreti.

"Mum, usiwaue. Hawa wanajua saa ya githeri."

Nilicheka mpaka Mama Mutua akauliza kulikoni. Lakini wewe ulikuwa umewachungulia siku nyingi. Nzi wa kreti zilizokuwa mlangoni waliamka asubuhi kama watu. Hawa wa ukutani, gizani chini ya gunia, walitulia mchana na kuanza kutembeatembea jioni, hata kabla mabati hayajapata moto. Kisha Mama Mutua akaenda Kitui kwa matanga, jiko lake likabaki baridi. Jioni hiyo ulinivuta leso.

"Mum, moto hakuna na wameamka tu. Nani amewaambia?"

Nilikuwa na ndizi zinazooza na mtoto aliyezikalia, nikakuachia kreti. Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, walisema nakudekeza, eti ni mama gani anafuga nzi. Wacha waseme. Katika kreti zote zilizopita mikononi mwangu, hiyo ambayo sikuuza ndiyo ninayojivunia.

Sasa wewe ndiye unayenifundisha. Ulisema joto na baridi vikipishana, hata bila mwanga, vinaweza kumpangia nzi saa zake. Ulisema saa hizo ziko mwili mzima, miguuni, mabawani, mpaka kichwani. Mguu ukitengwa peke yake bado unafuata joto, lakini ubongo ukitengwa haufuati, lazima mwili uupelekee habari. Nikakuambia huo ubongo ni kama mwenye ploti wetu, anakaa mbali, hajui paa linavuja mpaka mpangaji apige simu. Ukacheka, ukasema utaliandika. Tafadhali usiliandike, atatupandishia kodi.

Wenzangu wa hapa stejini nimewaambia wote. Mmoja akaniuliza, "Kwani alienda huko kote kusomea nzi?" Nikamjibu ndiyo, nzi, na hata yeye ana saa kama hiyo ndani yake, ndiyo maana kila siku akishakula chakula cha mchana anasinzia juu ya nyanya. Nilisema kwa sauti, wenye saluni ya kando nao wasikie.

Kwa hivyo usinifiche, mwanangu. Usiwaambie kwamba ulikutana na jambo hili kitabuni. Waambie nyumba yetu haikuwa na dirisha. Waambie habari ya mabati na magunia, na Mama Mutua umtaje kwa jina, maana ameshashona nguo mpya kana kwamba yeye ndiye anayehojiwa na maprofesa. Najua utaogopa. Lakini hao hawajawahi kuweka mkono kwenye ule ukuta, na wewe ulilala kando yake. Kama si wewe, nani atawaambia?

Siku yako ikifika sitafungua meza. Nitavaa vizuri nikae na simu mkononi, na Mama Mutua pembeni yangu. Jana nilisogeza kreti moja ukutani kwake tena. Nzi wameshaanza kuja, na safari hii sijanunua dawa.

Nakukumbatia kutoka huku mbali,

Mama yako, muuza ndizi