Barafu ya Mjomba

Mama yangu,

Leo nimetapika mbele ya wasichana wa darasa la sita. Nilitumbukiza donge la barafu katika bilauri ya maji ya moto, nikawauliza ni kitu gani kinachohama. Mmoja akajibu, "Baridi, mwalimu. Inatoka kwenye barafu." Nilitaka kumsahihisha kwa maneno yako. Pua ikanijaa harufu ya samaki, nikakimbilia dirishani.

Unayakumbuka maneno hayo? Nyumbani Msambweni, asubuhi, uji unaniunguza ulimi, nawe unakitia kikombe changu ndani ya bakuli la maji ya kisima. Uji ulipoa, maji yakapata uvuguvugu. "Moto si bahili," ulisema. "Humwendea aliyeukosa." Katika chuo cha ualimu nilifundishwa jambo lilo hilo, wala sikulielewa zaidi.

Mama, nina kinyaa. Namwonea kinyaa mjomba, na samaki wote wa pwani hii, na lile kasha lake la bati analopakia nguru wa kupeleka Likoni. Humo ndimo nduguyo alimokulaza, barafu chini na barafu juu, usiku kucha na mchana wake. Nilipofika alinipokea mlangoni akijisifu: "Barafu yangu humtunza nguru siku tatu. Itashindwa kumtunza dada yangu?" Gunia alilokufunika lilikuwa na utelezi.

Bi Mwanakombo, mwosha, alikunja uso. "Enyi watu, nimeitiwa maiti au kitoweo?" Akaagiza maji yatiwe moto kupita desturi, maana vidole vyako vilikuwa vimekaza. Kata niliishika mimi. Maji yalitoka sufuriani yakifuka mvuke, yakapita begani kwako, yakanidondokea miguuni baridi. Kata ya pili vivyo hivyo. Mwili wako uliunywa moto wote, na wewe hukupata joto. Nyuma ya sikio lako nilibandua gamba la samaki. Mpaka leo naliona kwenye ukucha wangu ninapokula, nami huisukuma sahani.

Tangu siku ile sijamwamkia mjomba. Alikuja kwenye arubaini yako, akaninyooshea mkono, nikauficha wangu ndani ya buibui. "Nimekukosea nini, mwanangu?" Watu wakatazama. Nikamgeuzia mgongo.

Nilimgeuzia mgongo kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Ni mimi niliyewapelekea telegramu: "Msimzike mpaka nije." Wewe ulikuwa umeshafungwa kidevu, kaburi limeshachimbwa. Na siku ile sikuondoka Mombasa, Mama. Nilibaki kusahihisha mitihani, karatasi baada ya karatasi, kalamu nyekundu mkononi, nikijiambia watangoja. Walingoja. Mjomba alitafuta njia ya kunitimizia, naye njia aliyoijua ni ya samaki. Harufu ninayoikimbia nimeileta mwenyewe.

Ijumaa nitavuka Likoni niende Msambweni. Nitampa mjomba shikamoo yake, na mkono wangu, ijapokuwa wake utanuka samaki. Nitamweleza habari za ile mitihani, Bi Mwanakombo akisikia. Na nimeshaandika karatasi, nikamwachia mwalimu mwenzangu: siku yangu ikifika, nizikwe kabla jua halijazama, asingojwe mtu.

Pumzika, Mama, hapo penye mchanga mkavu. Hakuna tena wa kukungojesha.

Mwanao,
Mwanasiti