Rafiki Yangu Amefika

Mjimwema, Songea

Mjukuu wangu Veronika,

Hapa nyumbani hatujambo, mahindi yamekauka na babu yako amepona kikohozi. Umeniuliza kama yule rafiki yako wa chuo mwenye kivimbe kwenye titi atosheke na alichojibiwa alipouliza mtandaoni kwa simu yake. Nimempenda kwa kuuliza. Sisi hatukuwa na pa kuulizia bila kuonekana sura.

Jirani yetu Tekla alipata kivimbe kama hicho tukiwa wasichana, nikamsindikiza zahanati. Akamwambia muuguzi, "Rafiki yangu ana uvimbe kwenye titi. Afanyeje?" Muuguzi akamweleza yote kwa upole, kisha akasema, "Lakini siwezi kumpima bila kumwona. Mwambie aje." Tekla akaaga, akatoka, akalizunguka jengo zima, akaingia tena kwa mlango uleule.

"Shikamoo, sista. Rafiki yangu amefika."

Ushujaa kama ule sijauona tena. Alitibiwa, akapona, sasa hivi yuko uani ananisaidia kupukuchua mahindi, na anakusalimu sana.

Simu imemjibu vizuri rafiki yako. Sasa naye alizunguke jengo, aingie. Akishapimwa, niambie anaendeleaje. Jina lake sitakuuliza.

Bibi yako